Wasomaji Wanauliza: Nyumba ya ibada ikishakarabatiwa, ufunguo hukaa kwa nani?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu Hagia Sophia ya Istanbul, jengo lililokuwa kanisa, likawa msikiti, likawa makumbusho, na tangu mwaka 2020 limekuwa msikiti tena. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko tulivyozoea katika safu hii, na baadhi yake ni kali. Tumechagua sita na kuzifupisha bila kuondoa hoja ya mwandishi.

SWALI. *Makala yenu ilisema kwamba mahakama ndiyo iliyoirudisha Hagia Sophia kuwa msikiti. Mimi nilidhani ni uamuzi wa Rais peke yake. Mahakama inawezaje kuamua kwamba jengo la karibu miaka 1,500 ni la dini fulani? Na kwa kuwa lilianza kama kanisa, si Wakristo ndio wenye jengo?* (Msomaji, Morogoro)

JIBU. Mahakama haikuulizwa jengo ni la dini gani. Iliulizwa jambo jembamba zaidi, na kwa sababu hiyo uamuzi wake hauwezi kujibiwa kwa hasira tu: je, Baraza la Mawaziri la Uturuki la mwaka 1934 lilikuwa na mamlaka ya kubadilisha matumizi ya jengo lililokwisha kuwekwa wakfu?

Jengo hilo lilijengwa kati ya mwaka 532 na 537 kwa amri ya Mfalme Justinian. Kuba lake la kwanza lilianguka mwaka 558 likajengwa upya. Watu wa kwanza kuwanyang'anya wenyewe hawakuwa Waislamu, bali Wakristo wenzao: mwaka 1204 wapiganaji wa Vita vya Msalaba kutoka Ulaya Magharibi waliuteka mji, wakapora hazina za kanisa na kulifanya la Kikatoliki hadi mwaka 1261. Enrico Dandolo, mtawala wa Venice aliyekuwa miongoni mwa viongozi wao, alizikwa humo humo ndani. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili alipouteka mji alilifanya msikiti na kuliweka wakfu, pamoja na mali ambazo mapato yake yangeugharamia msikiti huo. Hali hiyo ilidumu hadi zama za Jamhuri. Mwaka 1931 mtaalamu wa Kimarekani, Thomas Whittemore, aliruhusiwa kuanza kufichua mozaiki, yaani picha zilizoundwa kwa vipande vidogo vya mawe na vioo, zilizokuwa chini ya lipu. Tarehe 24 Novemba 1934 Baraza la Mawaziri likatoa amri kwamba jengo liwe makumbusho, na Februari 1935 likafunguliwa.

Hata hivyo, hati ya umiliki iliyoandikwa mwaka 1936, yaani baada ya makumbusho kufunguliwa, ililisajili jengo kama msikiti, kwa jina la wakfu wa Sultani Mehmed. Hati hiyo ndiyo iliyobeba kesi. Tarehe 10 Julai 2020 Danıştay, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, iliamua kwamba mali ya wakfu haiwezi kutumiwa kinyume cha sharti la aliyeiweka, na ikaifuta amri ya 1934. Siku hiyo hiyo Rais Erdoğan alitia saini agizo la kulikabidhi jengo kwa idara ya serikali inayosimamia masuala ya dini. Swala ya kwanza ya Ijumaa iliswaliwa tarehe 24 Julai, siku ya kumbukumbu ya Mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 ambao Jamhuri ya Uturuki ilijengwa juu yake. Anayedhani kwamba tarehe hiyo ilipatikana kwa bahati hajafuatilia siasa za nchi hiyo. Vilevile, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imelikataa ombi la namna hiyo mwaka 2008, wakati hati ya 1936 na sharti la Sultani vilikuwa vile vile.

Kuhusu sehemu ya pili ya swali lako, hebu tuulize ni Wakristo gani. Dola iliyolijenga kanisa haipo. Kanisa lililolitumia lipo: Upatriaki wa Kiorthodoksi ungali Istanbul, mtaa wa Fener, ukiwa na waumini wachache mno mjini humo. Patriaki Bartholomew alipinga jengo kugeuzwa msikiti, lakini hakudai lirudi kuwa kanisa. Alitaka libaki makumbusho, mahali ambapo pande zote mbili zingeweza kuingia bila mmoja kuwa mgeni wa mwingine. Kwa hiyo mgogoro haukuwa kati ya kanisa na msikiti. Ulikuwa kati ya msikiti na makumbusho, na makumbusho nayo, tusijidanganye, yalikuwa uamuzi wa kisiasa wa serikali iliyotaka kuonyesha kwamba imeachana na zama za masultani.

Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kufundishwa maana ya hoja ya wakfu. Unguja, Lamu na Mombasa zina nyumba, maduka na mashamba yaliyowekwa wakfu kwa ajili ya misikiti, madrasa na jamaa za waliotoa, na migogoro ya watu waliouza au kuvunja mali hizo ni habari ya kawaida mahakamani. Kwa mtu aliyekulia katika mazingira hayo, kauli ya kwamba serikali haina haki ya kugeuza matumizi ya wakfu si kisingizio. Ni hoja yenye uzito wake. Kinachobaki kuulizwa ni kama Uturuki imeitumia hoja hiyo kwa watu wote, na tutalifikia hilo katika swali la nne.

SWALI. *Mbona ulimwengu ulipiga kelele kuhusu Hagia Sophia, lakini hausemi neno kuhusu msikiti wa Córdoba uliogeuzwa kanisa, wala misikiti ya Ugiriki iliyofanywa makumbusho na maghala? Je, heshima ya urithi ni ya upande mmoja tu?* (Msomaji, Mombasa)

JIBU. Malalamiko yako yana msingi. Ujenzi wa Msikiti Mkuu wa Córdoba ulianza katika miaka ya 780 chini ya Abd al-Rahman wa Kwanza, mji ukatekwa na Mfalme Ferdinand wa Tatu mwaka 1236, na katika karne ya 16 kanisa kubwa likapandishwa katikati ya msitu wa nguzo zake. Leo ibada inayoruhusiwa humo ni ya Kikatoliki pekee, na maombi ya Waislamu wa Hispania kutaka kuswali yamekataliwa. Kisa chake cha umiliki ni cha karibuni zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2006 jimbo la Kanisa lilisajili jengo zima kwa jina lake na kulipa ada ya euro 30, likitumia sheria iliyomruhusu askofu kuthibitisha umiliki kwa saini yake mwenyewe. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2015, lakini usajili uliokwisha kufanyika haukufutika nayo. Wahispania wengi wasio Waislamu, wakiwemo wakazi wa Córdoba, wanaupinga kwa hoja kwamba jengo kama hilo ni la umma.

Ugiriki nayo ina mengi ya kujibu. Athens ilikaa bila msikiti rasmi hadi Novemba 2020, ingawa misikiti miwili ya enzi ya Uthmaniya imesimama katikati ya mji: ule wa Tzistarakis uwanjani Monastiraki, ambao umetumika kama makumbusho ya vyungu, na ule wa Fethiye, uliokarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2017 kwa ajili ya maonyesho. Thessaloniki kuna jengo linalostahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Yeni Cami ulijengwa mwaka 1902 na msanifu wa Kiitaliano, Vitaliano Poselli, kwa ajili ya watu wa jamii ya Dönme, ambao ni wazao wa Wayahudi waliosilimu. Juu ya madirisha na kwenye vizuizi vya roshani fundi ameweka nyota yenye pembe sita. Msikiti huo ulitumika kwa miaka ipatayo 20 tu, kisha waumini wakaondolewa, wakimbizi wakalazwa ndani, halafu ukafanywa makumbusho ya mambo ya kale. Aprili 2024 serikali ya Ugiriki iliruhusu swala ya Idi iswaliwe humo, kwa mara ya kwanza baada ya takriban karne moja.

Waumini hao waliondolewa kwa makubaliano ya mwaka 1923, yaliyofikiwa Lausanne, ambapo Uturuki na Ugiriki zilibadilishana raia kwa kigezo cha dini. Watu wapatao milioni moja na nusu walihamishwa, Waorthodoksi wakipelekwa Ugiriki na Waislamu Uturuki, isipokuwa makundi machache kama Waorthodoksi wa Istanbul na Waislamu wa Thrace ya Magharibi, ambao hadi leo wanaswali katika misikiti yao. Kila upande ulibaki na mamia ya majengo ya ibada yasiyo na waumini, na tangu siku hiyo kila upande umeyatumia majengo ya mwenzake kama mateka: ukifungua lako nitafungua langu, ukifunga nitafunga.

Kwa hiyo ni haki kuuliza juu ya Córdoba. Ila nawaomba wasomaji watazame namna swali hilo linavyotumiwa. Mara nyingi halitolewi ili Córdoba ifunguliwe. Hutolewa ili Hagia Sophia isijadiliwe. Muislamu wa Hispania anayetaka kuswali rakaa mbili chini ya matao yale hakunufaika kwa lolote na kilichotokea Istanbul, na waliompinga walipata jambo jingine la kumnyooshea kidole.

SWALI. *Nilikwenda Istanbul na familia yangu. Tulielekezwa mlango wa watalii, tukalipa euro 25 kila mtu, tukapandishwa ghorofani, ilhali wengine waliingia chini bila kulipa. Sisi ni Waislamu. Ni utaratibu gani huu?* (Msomaji, Muscat)

JIBU. Utaratibu huo ulianza Januari 2024. Ghorofa ya chini ni ya wenye kuswali, nao wana mlango wao na hawalipi. Wageni wa kutembea hulipa na kupita kwenye roshani ya juu. Mliingia kwa mlango wa kutembea, basi mkahesabiwa watembeaji. Binafsi naona kutenganisha milango si jambo baya lenyewe, kwani mwaka 2020 hadi 2023 umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba waliokuja kuswali na waliokuja kupiga picha walikuwa wakikanyagana.

Wala hamkupunjwa sana. Huko juu ndiko iliko mozaiki ya Kristo akiwa kati ya Mariamu na Yohana Mbatizaji, pamoja na bamba lenye jina la Dandolo. Kilichopotea kiko chini: sakafu ya marumaru imefunikwa kwa zulia, na mozaiki ya Mariamu na Mtoto iliyo upande wa madhabahu ya zamani, ambayo ni ya mwaka 867, imewekewa mapazia. Na kutoka huko juu mtu huyaona vizuri mabamba manane ya mviringo yenye majina ya Mwenyezi Mungu, Mtume, makhalifa wanne na wajukuu wawili wa Mtume. Yaliandikwa na Kazasker Mustafa İzzet wakati wa ukarabati uliofanywa na wasanifu wawili wa Uswisi, mtu na ndugu yake wa ukoo wa Fossati, mwaka 1847 hadi 1849, na kila moja lina upana wa mita saba na nusu hivi. Jengo lilipofanywa makumbusho yalishushwa ili yatolewe, yakashindikana kupita milangoni, yakakaa yameegemezwa ukutani kwa miaka mingi hadi yalipopandishwa tena. Sera za serikali tatu zimepita na mabamba yamebaki kwa sababu ya upana wa mlango.

SWALI. *Tuwe waadilifu. Serikali hiyo hiyo ya Uturuki imekarabati kanisa la Waarmenia la Akdamar na sinagogi la Edirne kwa fedha zake. Je, huo si ushahidi kwamba inaheshimu dini zote, na kwamba makala yenu iliegemea upande mmoja?* (Msomaji, Arusha)

JIBU. Ukarabati huo ni wa kweli na ulikuwa wa lazima. Nakubali pia kwamba makala yetu ilipaswa kuutaja. Kwa kuwa hatukuutaja, naomba tuutazame kwa utulivu, hatua kwa hatua, kwa maana ndani yake ndimo lilimo jibu la mambo mengi yaliyoulizwa hapa.

Akdamar ni kisiwa katika Ziwa Van, mashariki ya nchi. Kanisa la Msalaba Mtakatifu lilijengwa hapo kati ya mwaka 915 na 921 kwa amri ya Mfalme Gagik, na kuta zake za nje zimechongwa picha kutoka chini hadi juu: Yona akitupwa baharini, Daudi akimkabili Goliati, mizabibu, simba na ndege. Mwaka 1915 Waarmenia wa eneo hilo waliuawa au kufukuzwa, jambo ambalo Armenia na nchi nyingi huliita mauaji ya kimbari na ambalo Uturuki haikubali kuliita hivyo. Kanisa likabaki gofu. Serikali ililikarabati mwaka 2005 na 2006, na Machi 2007 ikalifungua kama makumbusho ya Wizara ya Utamaduni, bila ruhusa ya ibada na bila msalaba juu ya kuba. Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa ya kubishania msalaba huo. Septemba 2010 ibada iliruhusiwa, kwa siku moja katika mwaka, na kwa kuwa msalaba ulikuwa bado haujapandishwa, Waarmenia wengi waliokuwa wamejiandaa kusafiri waliahirisha safari zao. Ulipandishwa baada ya ibada kwisha.

Edirne iko upande wa pili wa nchi, karibu na mipaka ya Ugiriki na Bulgaria. Moto wa mwaka 1905 uliunguza masinagogi ya mji, na Sinagogi Kuu likajengwa badala yake na kufunguliwa mwaka 1909. Wayahudi wa Edirne walipungua baada ya ghasia za mwaka 1934 katika jimbo la Thrace, wakahama kidogo kidogo, ibada ikakoma katika miaka ya 1980, na baadaye paa likaporomoka. Kurugenzi Kuu ya Wakfu, ambayo ni idara ya serikali, ililijenga upya na kulifungua Machi 2015. Miezi michache kabla ya ufunguzi, gavana wa mkoa alitangaza kwamba, kutokana na hasira yake kwa vitendo vya Israeli katika msikiti wa Al-Aqsa, jengo lingekuwa makumbusho tu, si nyumba ya ibada. Alilazimika kuirudisha kauli yake. Hata hivyo tukio hilo lilifichua jinsi mambo yalivyopangwa: Wayahudi wa Uturuki, ambao hawakuwa na mkono katika mambo ya Jerusalem, walikuwa na sinagogi zuri lenye paa jipya ambalo matumizi yake yangeweza kubadilika kwa ghadhabu ya ofisa mmoja. Nyumba haikuwa mikononi mwao.

Imekuwaje hazikuwa mikononi mwao? Hapa turudi kwenye wakfu. Wayahudi, Waarmenia na Wagiriki wa Uturuki nao wana wakfu zao, zilizoanzishwa chini ya masultani kwa ajili ya makanisa, masinagogi, shule na hospitali. Sheria ya mwaka 1935 ilizitaka zote ziwasilishe orodha ya mali zake, na orodha hizo zikapelekwa mwaka 1936. Kwa miaka mingi hakuna aliyezijali. Kisha mwaka 1974, mwaka wa vita vya Cyprus, Mahakama ya Rufani katika kesi ya wakfu wa hospitali ya Wagiriki ya Balıklı, Istanbul, iliamua kwamba orodha ya 1936 ihesabiwe kuwa katiba ya wakfu. Kwa kuwa hakuna aliyeandika ndani ya orodha hiyo kwamba wakfu unaweza kupokea mali mpya, basi kila nyumba iliyonunuliwa au kuusiwa baada ya 1936 ilipatikana kinyume cha sheria. Waumini waliokuwa wameacha nyumba zao kwa shule au hospitali walifutiwa wasia. Mali zikarudishwa kwa warithi wa mbali au zikachukuliwa na hazina ya serikali. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Uturuki katika kesi kama hiyo mwaka 2007, sheria mpya ya wakfu ikapitishwa mwaka 2008, na Agosti 2011 serikali ikatoa amri ya kurudisha sehemu ya mali hizo kwa watakaoomba ndani ya mwaka mmoja. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, na aliyekuwa madarakani ni Erdoğan huyo huyo, wakati huo akiwa Waziri Mkuu. Lakini mali nyingi zilikuwa zimeuzwa mara mbili tatu, na jamii nyingi za vijijini hazikuwa na mtu aliyebaki wa kwenda kujaza fomu.

Sasa wekeni karatasi mbili za mwaka 1936 kando kwa kando. Moja ni hati ya Hagia Sophia, ambayo mwaka 2020 mahakama ilisema haiwezi kuguswa kwa sababu mapenzi ya aliyeweka wakfu ni ya milele. Nyingine ni orodha ya mali za Wagiriki, Waarmenia na Wayahudi, ambayo kwa miongo kadhaa ilitumika kupindua mapenzi ya watu walioweka wakfu. Mimi sina ugomvi na kanuni ya wakfu. Ugomvi wangu ni na kanuni inayokumbukwa kwa Sultani na kusahauliwa kwa mjane wa Kigiriki aliyeiachia shule nyumba yake.

Kwa mfano wa tofauti ambayo hati huleta, nendeni Diyarbakır, kusini-mashariki. Kanisa la Waarmenia la Surp Giragos lilibaki katika miliki ya wakfu wa waumini wenyewe. Walilikarabati kwa michango ya Waarmenia wa Istanbul na wa ng'ambo, manispaa ya mji ikisaidia, wakalifungua mwaka 2011. Miaka minne baadaye mtaa wa Sur uligeuka uwanja wa mapigano kati ya majeshi ya serikali na wapiganaji wa Kikurdi, kanisa likaharibiwa, na Machi 2016 serikali ikatangaza kutwaa sehemu kubwa ya mtaa huo, kanisa likiwemo. Wakfu ulikwenda mahakamani. Ulikuwa na hati, kwa hiyo ulikuwa na haki ya kusikilizwa, na amri ya kulitwaa kanisa ilitenguliwa. Lilifunguliwa tena Mei 2022. Akdamar haikuwa na mtu wa kwenda mahakamani, na hilo ndilo linalonifanya, kila ninaposikia kwamba serikali fulani imekarabati nyumba ya ibada ya watu wachache, niulize kwanza hati iko kwa jina la nani kabla ya kuuliza imegharimu kiasi gani.

SWALI. *UNESCO inafanya kazi gani kama haiwezi kuzuia mambo haya?* (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU. Maeneo ya Kihistoria ya Istanbul yameorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 1985, na mwaka 2020 UNESCO ilisikitika hadharani kwamba uamuzi ulichukuliwa bila mashauriano. Zaidi ya hapo haina askari wala mahakama. Inaweza kudai taarifa, kutuma wataalamu, kuliweka eneo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, au kulifuta kabisa, kama ilivyofanya kwa Bonde la Elbe la Dresden mwaka 2009 na Liverpool mwaka 2021. Na wanaopiga kura ya kufuta ni wajumbe wa serikali, ambao nao wana misikiti na makanisa yao yaliyogeuzwa nyumbani kwao. Isitoshe, UNESCO huangalia kama thamani ya jengo imehifadhiwa, na jengo la ibada kutumika kwa ibada si kosa katika vitabu vyake. Kwa Hagia Sophia iko pia hofu ya kiufundi: kuba la zamani katika mji wa matetemeko, na umati mkubwa wa watu wanaoingia kila siku.

SWALI. *Mimi ni mwongoza watalii Mji Mkongwe, Unguja. Wageni huniuliza kama kanisa la Mkunazini ni Hagia Sophia yetu, kwa kuwa lilijengwa juu ya soko la watumwa katika mji wa Waislamu. Pia nimesikia watu wakisema vile vyumba vya chini tunavyowaonyesha havikuwa vya watumwa. Niwajibu nini?* (Msomaji, Unguja)

JIBU. Mkunazini hapakuwa na nyumba ya ibada ya mtu mwingine iliyogeuzwa. Soko lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa kazi yake ya lugha, alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu. Inasimuliwa kwamba saa ya mnara ni zawadi ya Sultani Barghash, na kwamba sehemu ya ardhi ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi. Waonyeshe pia zile nguzo fupi zilizo upande wa mlango mkuu, ambazo mafundi wanasemekana kuzisimamisha juu chini wakati Askofu hayupo, wageni huzipenda.

Kama wageni wanataka mfano wa jengo lililopinduliwa, wapeleke Ngome Kongwe. Waomani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, baadaye ikawa gereza, na leo watu hukaa humo kusikiliza muziki. Hakuna anayeidai kwa sababu hakuna jamii ya Wareno iliyobaki Unguja kuidai.

Siasa za Mkunazini ziko katika simulizi. Kanisa lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na shirika la World Monuments Fund, na mwaka 2016 yakafunguliwa maonyesho ya historia ya utumwa katika jengo la zamani la hospitali ya misheni lililo pembeni. Wapo Wazanzibari wanaolalamika kwamba pale anayesimuliwa kama muuzaji ni Mwarabu, na anayesimuliwa kama mkombozi ni Mwingereza, huku wanunuzi, wenye mashamba ya karafuu wa kila asili, na viwanda vya Ulaya na Marekani vilivyozihitaji pembe za ndovu wakipewa mistari michache. Wengine hujibu kwamba malalamiko hayo ni njia ya kulifunika soko lenyewe. Mtu anayeyapitia maonyesho hayo kwa makini, badala ya kukimbilia sanamu za saruji za Clara Sörnäs zilizo shimoni na minyororo shingoni, atakuta yana uangalifu mkubwa kuliko simulizi linalotolewa na waongozaji wengi nje ya mlango.

Na vyumba vya chini ndiyo mfano mzuri. Viko ndani ya jengo hilo hilo la misheni, ambalo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Wanahistoria wamelisema hili kwa muda mrefu. Watumwa walifungiwa katika vyumba vibaya sehemu nyingi za mji na pwani, jambo hilo halina ubishi, lakini jengo la wamisionari waliokuja kuipinga biashara hiyo haliwezi kuwa ghala la biashara yenyewe. Waambie wageni wako mwaka wa kufungwa soko, kisha waambie jengo lilijengwa na nani na kwa ajili ya nini, halafu uwashushe ngazi kama bado wanataka. Ukipata nafasi katika kikao chenu cha waongozaji, pendekeza pia mwaka wa ujenzi uandikwe mlangoni pa vyumba hivyo, kwa Kiswahili kwanza.